Bunduki ya Jumamosi

Kibanda cha wawindaji wa Hukkavaara kina meza moja ndefu, mabenchi mawili, na birika la kahawa ambalo ndani halijaguswa na sabuni tangu liletwe, maana wenyewe wanashikilia kwamba ukiliosha tu, kahawa inapoteza akili. Hapo ndipo habari zote za kijiji hupita kabla hazijawafikia wenyewe wenye habari. Ukitaka kujua ng'ombe wa nani kazaa mapacha, au binti wa nani kaonekana mjini Kuopio na mwanamume aliyevaa hereni, njoo Alhamisi jioni, mimina kahawa, kaa kimya. Utajua.

Alhamisi moja ya mwanzo wa Julai habari ilikuwa Tauno Hyvönen, na Tauno mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo.

"Nasikia unatengeneza mzinga," alianza Jalmari. Jalmari alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila asubuhi aliingia kila ua, akachukua maziwa na maneno.

"Bunduki," Tauno alisema.

"Lempi wako kamwambia mke wangu tundu lake ni milimita tisa na ushee. Sasa hiyo si ya kuwindia, mzee, hiyo ni ya kuzamishia meli. Na risasi utazitoa wapi? Dukani hazijaonekana tangu mimi nina nywele."

"Nitajaza mwenyewe."

"Ehe. Mpishi atajaza mwenyewe."

Benchi zima likacheka, na Tauno naye akavuta mdomo kidogo, kwa adabu. Kicheko kilipita. Neno "mpishi" halikupita, lilibaki pale mezani kama doa la kahawa.

Maana miaka miwili nyuma Tauno hakuwa mpishi. Alikuwa mmoja wa waviziaji, wale wanaopangwa msituni kwa mstari, kila mtu na kituo chake chenye namba, kumngoja hirvi. Hirvi ndiye mnyama mkubwa wa misitu ile: miguu mirefu, mabega ya farasi, pua kama gunia lililolowa. Vuli ile Tauno alimpiga dume kwa mbali mno, kwa bunduki nyepesi, wakati anakimbia. Dume halikuanguka. Mbwa alilifuata mpaka giza likaingia, na watu wakalitafuta siku tatu katika mvua. Siku ya nne kunguru ndio walioonyesha lilipo, na nyama ilikuwa imeshaharibika yote. Hakuna aliyemgombeza. Hukkavaara watu hawagombezi. Msimu uliofuata Oiva, mwenyekiti wa chama, alimkabidhi upawa wa supu bila kusema kitu, na Tauno akaupokea bila kuuliza kitu.

Oiva alikuwa kaka yake Lempi, mke wa Tauno, na hilo lilizidisha ugumu. Mwenyekiti hawezi kumpendelea shemeji yake mbele ya watu wenye macho.

"Basi nisikilizeni," Oiva alisema jioni ile, kicheko kilipokwisha. "Mzee Eevertti kawekewa nyonga ya chuma, hakai tena msituni. Kituo namba saba kiko wazi. Mkwe wangu wa Helsinki anakitaka."

Watu wakaweka vikombe chini. Saba ilikuwa shingo ya kinamasi. Kila hirvi anayefukuzwa kutoka upande wa ziwa lazima apite pale.

"Mkwe wako anavaa viatu vyeupe," Jalmari alisema.

"Najua anavaa nini." Oiva akamgeukia Tauno. "Mtihani wa mwisho wa shabaha ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Ukipita, shemeji, nakuweka saba siku ya kwanza. Siku ya kwanza tu, kisha tutaona. Usipopita, viatu vyeupe vinakaa, na atakaa miaka thelathini, maana ni kijana."

"Sawa," Tauno alisema, akamalizia kahawa yake.

Ukimsikia mtu akisema "sawa" namna ile utadhani hajali. Tauno alitoka pale akaendesha gari hadi kwake akiwa kwenye gia ya pili njia nzima, na hakugundua.

Bunduki yenyewe alikuwa ameianza majira ya baridi, kwenye karakana yake ya kutengenezea matrekta. Mtutu aliachiwa na mjomba wake Reino, mpya kabisa, umefungwa kwenye karatasi yenye mafuta tangu enzi za vita. Mjomba alikuwa ameununua akafa kabla hajaufunga. Sehemu ya nyuma, ile ya komeo linalofungia risasi ndani, Tauno aliitoa kwenye bunduki kuukuu ya jeshi iliyokuwa imeliwa na kutu mdomoni lakini komeo zima. Kitako alikichonga kutoka mti wa betula wenye mistari ya mawimbi, alioukata mwenyewe na kuukausha darini miaka saba.

Kwa nini aina ile ya risasi, ambayo wilaya nzima labda walibaki wazee wanne wanaoitumia? Wenzake walidhani ni ubahili, kwa kuwa mtutu ulikuwa wa bure. Wengine walisema ni ukaidi wa ukoo. Tauno alikuwa na sababu moja tu, na hakumwambia mtu. Ile risasi ni nzito na ya polepole. Mwenye bunduki ile hatashawishika kumpiga mnyama wa mbali anayekimbia, kwa sababu anajua haitafika vizuri. Inakulazimisha kungoja asogee. Alitaka bunduki itakayomshika mkono.

Kuufunga mtutu kulimla mwezi mzima wa Machi. Alichonga chumba cha risasi kwa mkono, mzungusho mmoja, anatoa, anafuta. Kisha anachukua ganda tupu, analipitisha juu ya mshumaa mpaka linakuwa jeusi kwa masizi, analisukuma ndani na kulitoa. Pale masizi yalipofutika ndipo chuma kinapogusa. Anakwangua unywele mmoja, anarudia. Siku komeo lilipofunga kwa kidole kimoja, laini kama mlango wa kabati la vyombo, Tauno alikaa juu ya tairi akalifunga na kulifungua labda mara arobaini.

Magonjwa yalianza kwenye risasi.

Maganda aliyatengeneza kutoka maganda ya bunduki ya jeshi: unaipasha shingo moto, unaipanua kwa kalibu, unaikata urefu. Baruti unaipima kwa mizani ndogo, punje kwa punje. Unaweka fataki, kile kiwashio kidogo, chini, baruti katikati, kichwa cha gramu kumi na nane na nusu juu. Kazi hiyo aliianzia kwenye meza ya jikoni, ikadumu siku moja. Lempi alipokuta mafuta ya kalibu kwenye unga wa mikate yake ya iliki, alimfungulia mlango.

"Nenda sauna," alisema. "Kule kuna meza, kuna dirisha, na hakuna mtu atakayekula hayo madude."

Basi akahamia sauna. Nyuma ya nyumba, kama kila nyumba ya kule, walikuwa na kijumba cha mbao cha kuogea kwa mvuke, chenye vyumba viwili: kimoja cha jiko na mawe na mvuke, na kingine cha kuvulia nguo, ambako ukishaiva unatoka kukaa ukipoa na kunywa kitu baridi. Tauno akaweka mashine yake ya mkono kwenye meza ya chumba cha kupoa, na risasi zilizokamilika akazipanga kwenye rafu ukutani. Akaona raha. Palikuwa na utulivu, pananukia moshi na majani.

Kwenye uwanja wa shabaha alikwenda mara mbili kwa wiki, Jumatano baada ya kazi na Jumamosi alasiri. Jumamosi ya kwanza tundu tatu zilikaa pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa. Lakini komeo liligoma kufunguka, ikabidi alipige kwa kiganja, na fataki zilikuwa zimelala bapa kama vifungo vya shati. Dalili ya baruti kuzidi. Akarudi, akapunguza.

Jumatano risasi zilishuka chini ya duara, zimetawanyika kama mbegu zilizomwagika. Akaongeza.

Jumamosi komeo likagoma tena. Akapunguza. Jumatano zikashuka.

Ilikwenda hivyo Julai nzima na nusu ya Agosti. Alibadilisha fataki. Alikaza skurubu, akalegeza skurubu. Alikwangua kitako ndani kwa kioo cha chupa, akidhani mbao inagusa mtutu. Aliandika kila kitu kwenye daftari la shule, tarehe, upepo, mawingu, na kila alipolisoma aliona limeandikwa na mlevi.

Kibandani walifurahi sana.

"Bunduki ya Tauno ni ya dini," Jalmari aliwaambia. "Jumamosi inajiandaa kwa ibada, inapiga vizuri. Katikati ya wiki inakunywa."

"Mtihani ni Jumapili," mtu mwingine akasema.

"Ndiyo maana nasema. Jumapili itakuwa imelala na uchovu wa pombe."

Hata Oiva alitabasamu, kisha akaona uso wa shemeji yake, akageuka kuangalia birika.

Ilipobaki wiki moja na siku moja, siku ya Jumamosi, Tauno alikaa karakanani akiutazama msumeno wa chuma. Alikuwa anafikiria kuukata mtutu na kuyamaliza. Aliwaza namna atakavyoushika tena ule upawa, na mkwe wa Oiva akija kwenye sufuria na bakuli lake, akisema ahsante kwa heshima ya mjini. Hilo la heshima ndilo lililomkera zaidi.

Lempi hakuwa ameambiwa lolote kati ya hayo. Alikuwa anayajua yote, kwa simu, kutoka kwa mke wa Jalmari. Mchana ule, kama kila Jumamosi, alikuwa amewasha jiko la sauna saa sita ili saa kumi na mbili mawe yawe tayari. Saa tisa aliingia kuweka taulo. Rafu ilikuwa imejaa risasi, akachukua boksi moja alisogeze, akalishika, akasimama.

Akalibeba mpaka karakanani.

"Tauno. Nipe mkono."

"Nina kazi."

"Nipe mkono, bwana wewe." Akamwekea risasi moja kiganjani. "Unasikiaje?"

Tauno akasikia. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

"Hizi zako zinaoga kabla yako," Lempi alisema. "Mimi sijui bunduki. Ila keki ukiiweka kwenye ukuta ule wa jiko Jumamosi, siagi inatiririka sakafuni. Niliweka mara moja, mwaka wa harusi."

Tauno aliigeuza risasi kiganjani. Baruti ikipata joto inawaka kwa hasira, hilo fundi yeyote anayejaza risasi analijua, yeye mwenyewe alishawaeleza vijana wa chama. Na rafu ile ilikuwa imepigiliwa kwenye ukuta wa pamoja na jiko. Kila Jumamosi risasi zake zilikuwa zikiokwa kwa muda wa saa tatu au nne kabla hajazibeba kwenda uwanjani, na kila Jumatano zilikuwa baridi. Miaka hamsini na saba alikuwa akitoka kwenye mvuke, anaingia chumba kile, anasema "ahh", anapoa. Kichwani mwake kile kilikuwa chumba cha baridi. Haikumjia kwamba ukuta wake una joto, kama vile samaki asivyofikiria kwamba analowa.

"Na kopo la baruti?" Lempi aliuliza. "Nalo liko kule?"

"Chini ya benchi."

"Chini ya benchi ninalokalia."

"Ndiyo."

Lempi alimtazama. "Utalitoa sasa hivi," alisema, "halafu utaniogesha mgongo wiki nne bila kuombwa."

Alilitoa. Akahamisha kila kitu kwenye pishi la viazi, lililochimbwa ubavuni mwa kilima, ambako Januari na Julai hali ni ileile. Akafungua daftari akazifuta Jumamosi zote kwa mstari mmoja wa penseli. Zilizobaki zilisomeka kama maandishi ya mtu mwenye akili: Jumatano baada ya Jumatano, kila baruti ilipoongezeka kidogo tundu zilipanda kidogo na kukaribiana kidogo, na hakuna komeo lililogoma. Alikuwa amekaribia kufika, na kila Jumamosi alijirudisha nyuma.

Jumapili asubuhi, wengine wakiwa kanisani, alijaza tano tano za vipimo vitatu. Jumatatu alipiga. Jumanne alipiga asubuhi na mapema, umande ukiwa bado. Jumatano alipiga kipimo kimoja tu, kile cha katikati, mara kumi, na akabandua karatasi akaikunja akaiweka mfukoni kama barua. Komeo lilifunguka kwa kidole.

Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi, na mimi sitaurefusha. Duara la upana wa sahani ya samaki, hatua themanini, risasi nne. Wakati wake ulipofika watu waliacha soseji zao kwenye moto wakaja kusimama nyuma, kwa sababu ile bunduki walikuwa wameila na kahawa miezi miwili. Ilinguruma mara nne. Oiva alikwenda kuangalia, akarudi taratibu.

"Nne," alisema.

"Leo si Jumamosi," Jalmari alisema, akarudi kwenye soseji yake.

Siku ya kwanza ya msimu ilikuja na barafu nyembamba juu ya madimbwi. Saa moja asubuhi Tauno alikuwa amekaa kituo namba saba, mgongo kwenye msonobari, betula ya kitako ikimkaa shavuni. Namba nane, kulia kwake, alikuwa Jalmari. Redio ndogo ilikuwa shingoni, sauti chini. Aliwasikia wanaofukuza wakianza upande wa ziwa, kisha mbwa akabweka, kisha akabweka akisogea.

Hirvi jike alitokea bila kelele yoyote. Mnyama wa ukubwa ule hutarajii atoke kama moshi, lakini hutoka hivyo. Alisimama hatua hamsini mbele ya Tauno, ubavu wote wazi, masikio yamegeukia nyuma kwa mbwa. Huwezi kuomba mkao mzuri zaidi. Bunduki ilishapanda begani yenyewe.

Lakini Hukkavaara kuna jambo moja halijadiliwi. Ukimwona jike, unangoja uone kilicho nyuma yake. Akiwapo ndama, ndiye anayepigwa kwanza. Anayemwua mama na kumwacha ndama kuzurura msimu wa baridi, huyo hata upawa hapewi.

Nyuma ya jike hakukuwa na kitu. Miti tu.

Redio ikakwaruza. "Saba," ilikuwa sauti ya Jalmari, ya chini. "Namwona matako hapa kutoka kwangu. Unaye. Piga."

Tauno hakupiga.

"Saba, anaondoka huyo."

Watu kumi na wanne walikuwa wanasikiliza. Tauno alijua kila mmoja amekaa wapi na uso wake ukoje. Kama hakuna ndama, basi kesho itasemwa kwamba mpishi aliwekwa shingoni mwa kinamasi, nyama ikaja ikasimama mbele yake, akaitazama. Viatu vyeupe vitafika kwa basi la kwanza. Kidole kilikuwa kwenye chuma baridi, na aliona manyoya ya bega yakitikisika kwa pumzi.

"Mpishi, umelala?" redio ilisema.

Jike akapiga hatua, ya pili, akaingia kwenye miti ya upande wa pili, akatoweka. Tauno aliihesabu pumzi yake. Moja. Nne. Saba. Mbwa alikuwa bado anabweka, mbali kidogo kuliko inavyopaswa, na hapo ndipo alipoelewa kwamba mbwa hamfuati yule aliyepita.

Ndama alikuja mbio ndogo kwenye nyayo za mama, miguu mingi kuliko mwili. Akasimama palepale alipokuwa amesimama mama yake, akanusa. Bunduki ilinguruma mara moja. Ndama alikaa chini, akalala.

"Saba," Oiva aliita. "Toa habari."

"Ndama. Amelala papo hapo."

Redio ikakwaruza. Kisha Jalmari, kwa sauti yake ya kawaida: "Mwaka mzima wa kuchonga mzinga, na ameua mtoto wa shule."

Mtu mmoja alicheka redioni, halafu wa pili, na Tauno akajikuta anacheka naye, peke yake chini ya msonobari.

Oiva alifika kwa miguu baada ya nusu saa. Hakumtazama ndama kwanza. Alitembea kwenye umande wa barafu akisoma chini, akazikuta nyayo za jike, akachuchumaa pale alipokuwa amesimama. Nyayo zilikuwa zimezama, barafu imeyeyuka ndani yake. Akaangalia kutoka pale hadi kwenye msonobari wa Tauno, hatua hamsini za majani mafupi, bila hata kichaka.

"Alisimama sana," alisema.

"Kiasi."

"Na ndama ulikuwa hujamwona."

"Sikuwa nimemwona."

Oiva alitoa kisu chake kiunoni, akamwekea Tauno mkononi, mpini mbele, akainama kuishika miguu ya nyuma. Walifanya kazi, mvuke ukipanda kati yao, mpaka sauti za wengine zikaanza kusikika zikija kupitia msituni, Jalmari mbele akiongea.

"Kesho vaa soksi nzito, shemeji," Oiva alisema bila kuinua kichwa. "Hapa namba saba, asubuhi pana upepo."